Saa Iliyofundishwa Uongo

Gozo, Jumamosi, jua kali

Kwa dada yangu mpenzi Guditta, huko Melbourne,

Pokea salamu nyingi kuliko kokoto za ufukwe wetu. Natumaini u mzima, magoti yametulia, na mumeo Spiru bado anakoroma, maana mume anayekoroma angalau unajua yuko wapi. Mimi mzima. Kwa nini niko mzima, ndilo lililonishikisha kalamu. Mwandiko usiucheke, shule niliiacha, nayo ikashukuru.

Kisiwa kimejaa watalii hadi mbuzi wamechoka kupigwa picha. Wanaoga ghubani, wanakanyaga mashamba ya chumvi, wanapanda kijijini kula mkate wa nyanya na jibini ya kondoo, kisha wanashangaa zile saa mbili za mnara wa kanisa letu. Unazikumbuka: ya kulia husema kweli, ya kushoto uongo, ili Shetani asijue saa ya kuja kuchukua roho ya mtu. Basi, mtalii mmoja akaisoma ya kushoto, akakosa meli, akalalamika. Halmashauri wakaleta fundi. Padri Felich alifoka kwamba saa ile si mbovu, imefundishwa uongo tangu enzi za mababu. Wakamjibu kwamba siku hizi watu wanataka ukweli, Baba, na fundi akairekebisha ya kushoto ifuate ya kulia.

Wiki ileile akaja mgeni. Suti ya kijivu, kofia ya ukindu, mstaarabu kweli. Kamera hana, baharini haogi. Hukaa mkahawani kwa Zeppi mbele ya gilasi ya maji ya limau asiyoyanywa, na barafu yake haiyeyuki, dada, kwa jua hili la kukaangia yai juu ya jiwe! Hutazama saa ya kulia, hutazama ya kushoto. Saa ya mtu ikifika, nazo zikikubaliana, huinuka, hubisha mlango mmoja. Jioni kengele ya msiba inalia. Alianza na Nenu mtengeneza jibini, akafuata mjane wa mwokaji. Watu wakasema ni uzee. Mimi na mdomo wangu nikamtania, nikamwuliza kama yeye ni wakala wa bima. Akacheka vizuri sana, akasema Mzee Wistin nisiwe na haraka, zamu yangu ni Jumapili, saa tisa alasiri. Jina langu sikuwa nimemtajia.

Jumapili ilipofika, baada ya chakula, kijiji kizima kimelala na jua limefuta vivuli vyote, nikapanda mnarani na fimbo ya marehemu baba. Nikaipindua mishale ya saa ya kushoto mpaka kitu ndani kikavunjika. Nikashuka, nikaketi kwa Zeppi. Mgeni akatazama kulia, akatazama kushoto. Akainuka, akakaa. Akainuka tena, akakaa, kama kuku aliyesahau pa kutagia. Saa tisa ikapita. Akaniambia kwa upole kwamba haidhuru, Jumapili ziko nyingi. Halmashauri wanasema ni utundu wa watoto. Padri Felich yeye ameniletea divai.

Sasa, dada, nakuomba radhi. Ile saa ya mfukoni uliyonitumia Pasaka, inayogonga kila saa bila kukosea, nilikuandikia kwamba natembea nayo. Sasa ni uongo. Mgeni alipoomba kuiona, ajue ipi kati ya zile mbili husema kweli, nilikimbia nayo nyumbani nikaitumbukiza kisimani. Ulinunua kitu imara mno. Bado inagonga huko chini.

Tangu juzi kiti cha mkahawani ki kitupu. Mgeni ameomba kupumzika uani kwangu, ati kuna kivuli. Namwona dirishani ninapoandika: kofia ameivua, sikio ameliinamishia kisima.

Kesho ni Jumapili tena, na ni sikukuu ya kijiji. Nimewasihi vijana waanze fataki mapema, walipue mfululizo hadi saa kumi, na Padri Felich apige kengele zote, ili kisima kisisikike. Wanasema baruti itatosha. Wanasema hivyo kila mwaka.

Msalimie Spiru, wabusu wajukuu. Ukitaka kunitumia zawadi tena, tuma soksi.

Ni mimi kaka yako, mzima hadi mstari huu,
Wistin