Moto wa Polepole kwa Bwana Nyale

Kwako Mama,

Shikamoo. Najua atakayekusomea ni Charo, basi naye namwamkia, hujambo ndugu yangu, na usome kama nilivyoandika, usinipunguzie ukali. Goti lako laendeleaje, Mama? Ile dawa ya kuchua imefika? Mimi sijambo. Mume wangu Dieter hajambo pia, ila baridi ya huku Ujerumani imemkamata kifua. Mimi haijanipata, labda kwa hasira nilizo nazo.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, eti watu wa Matsangoni wanasema mume wangu anafanya kazi ndani ya bomu. La pili, nimsamehe Bwana Nyale. Nitayajibu pamoja.

Dieter hayumo ndani ya bomu. Ni fundi wa kituo cha umeme wa nyuklia, na mimi huwafulia mafundi ovaroli zao. Siku moja nilimuuliza huo moto usio na kuni wala moshi unatoka wapi. Akachukua njugu akazipanga mezani. Kila kitu, akasema, kimejengwa kwa chembe ndogo ziitwazo atomi, na kila atomi ina kiini chake. Kiini cha madini ya urani ni kizito, kimejaa mno. Kachembe kamoja tu kakikigonga, kinapasuka vipande viwili, joto linatoka, na vichembe vingine viwili vitatu vinaruka. Hivyo navyo vinakwenda kupasua viini vingine, navyo vinarusha vingine. Ukiviacha viende vitakavyo, hilo ndilo bomu. Kituoni huteremsha vyuma vinavyomeza vichembe vya ziada, ili kila mpasuko uzae mmoja tu. Joto linachemsha maji, mvuke unazungusha mtambo, taa zinawaka. Moto ni ule ule, Mama, ila mwendo wake ni mwingine.

Nilipoelewa nilimkumbuka Nyale. Alikuwa msimamizi wetu wa vyumba hotelini Kikambala. Saa ya mgeni, ile ya mkanda mwekundu, ilipopotea, akanisimamisha uani penye kamba za kuanikia mashuka, akamwaga kikapu changu mbele ya wapishi na watunza bustani, akasema, "Mwizi ni huyu." Saa hawakuiona kikapuni, na kazi nikafukuzwa vilevile. Neno lile moja likaenda kwa mchumba wangu, kwao wakaja kudai mahari yao. Aibu ya madai hayo ikaenda kwa baba, akaacha kunywa mnazi na wenzake kwa kuona haya. Na mwaka haukwisha, Charo akaiona saa ile mkononi mwa shemeji yake Nyale, stendi ya Kilifi. Charo, si uliiona? Mwambie Mama tena.

Sasa waniambia Nyale amekuja na jogoo, ameketi mkekani pako, anataka nimwalike binti yake Mbeyu aje kusomea uuguzi huku. Jogoo. Natumai mlimla, na natumai alikuwa na mafuta.

Unasema tupatane, tuwe kitu kimoja. Hilo nalo nilimuuliza Dieter, kama uko moto wa kuunganisha. Akasema upo, ndio jua lenyewe, hilo linalokukaushia muhogo. Mle ndani viini vyepesi hubanwa hadi vikaungana, na nguvu yake yaupita moto wetu mbali. Lakini viini hivyo hukataana, kila kimoja hukisukuma kingine. Bila joto la ajabu na kubanwa sana havishikani. Wataalamu wa huku wamehangaika na mitambo yao miaka na miaka, mpaka leo hawajawasha hata taa moja kwa njia hiyo. Nawe wataka nishikane na Nyale kwa jogoo mmoja.

Lililonikaa rohoni zaidi ni hili. Viini vikipasuka au vikiungana hivyo, ukipima uzito baadaye utakuta umepungua kidogo. Hicho kilichopungua ndicho kilichogeuka moto. Nilipoambiwa hivyo niliacha njugu nikaenda kusimama jikoni. Baba alipungua machoni petu, shati likawa lamning'inia, hadi tukamzika. Kilichopungua kwake kiko kwangu, Mama, na kinawaka.

Basi mwambie Nyale hivi. Hanga kubwa, yale matanga ya kumkumbuka baba, likifika, ukoo mzima ukiwa uani, asimame aseme kwa kinywa chake kwamba saa aliichukua yeye. Akisema, nitamwalika Mbeyu, na jina la baba yake halitatajwa nyumbani kwangu.

Utasema, mtoto ana kosa gani? Hana. Ndiyo maana Nyale akinyamaza pia nitamwalika. Atalala pazuri, atasoma, atavaa makoti yangu. Na kila jioni tukila nitamsimulia, kidogo kidogo, leo kikapu, kesho saa, keshokutwa shati la baba, mpaka amalize masomo. Sitapaza sauti. Siku atakaporudi, Nyale atamnyooshea mkono kumpokea, na binti yake atautazama kwanza ule mkono.

Nisalimie shangazi mshona makuti, na mke wa Charo, na mama mkwe wake anayeuza mbaazi barabarani. Nyale usimpe salamu. Mpe hayo tu, achague.

Ni mimi mwanao, nisiyeiba,
Kache