Siku Nane Kabla ya Kushika Bisibisi

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimefundisha! Saa nzima, mbele ya ofisi yote, kalamu nyekundu mkononi. Mada: fundi wetu akienda kufanya kazi nchi jirani, idara ya kazi ya kule lazima ipate taarifa siku nane kamili kabla hajashika bisibisi. Nikachora kalenda ubaoni. Nikasema, "Taarifa kwanza, begi baadaye!" Nikairudia mara tatu, maana niliipenda mwenyewe. Mhasibu akapiga makofi.

Mfano wangu ulikuwa shemeji—mdogo wa mume wangu, na fundi bora tuliye naye wa mashine za wagonjwa wa figo. Jumanne ijayo anaanza kazi kwenye hospitali ya ng'ambo ya mpaka. Mashine mbili kati ya tatu zimekufa. Nikawaambia taarifa yake niliituma tangu Ijumaa. Mkurugenzi akasema wote waige. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Wa kuigiza, lakini ulinikaa vizuri.

Jumatano, 6 Machi

Nimebandika kalenda ya siku nane mlangoni. Ya rangi. Dereva ameuliza kama ni ratiba ya likizo.

Ijumaa, 8 Machi

Mungu wangu.

Nilikuwa natafuta namba ya stakabadhi niiweke kwenye faili la shemeji. Haipo. Nikafungua fomu. Juu kabisa, kwa maandishi ya kijivu: RASIMU. Haikutumwa! Ijumaa ile nilijaza kila kitu, hadi namba ya pasipoti, kisha mtu akaita kwamba keki ya karani inakatwa. Nikainuka. Sikubonyeza "Tuma". Na keki yenyewe ilikuwa kavu.

Nimebonyeza leo, saa nane na dakika kumi mchana. Jibu likaja papo hapo: kazi isianze kabla ya tarehe 17. Shemeji anaanza tarehe 12. Nikahesabu kwa vidole. Nikahesabu tena kuanzia kidole gumba, labda vidole vingenionea huruma.

Nilikwenda kumwambia Mkurugenzi. Mara mbili. Mara ya kwanza nikaazima stepla. Mara ya pili nikairudisha.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemwambia mume wangu. Akacheka mpaka akapaliwa na chai. "Si wewe uliyewafundisha wenzako?" Kisha akaacha kucheka. Akauliza, na akikutwa anafanya kazi kabla ya siku? Nikamweleza: anaweza kufungiwa asiingie tena kule. Na kampuni vilevile.

"Mdogo wangu," akasema. Basi.

Akaenda kuosha vyombo. Mume wangu huosha vyombo akiwa na hasira tu. Ameosha hata vilivyokuwa safi.

Jumapili, 10 Machi

Asubuhi nimekwenda kwa shemeji kabla hajaondoka. Nilimkuta anakunja ovaroli, sanduku la vifaa liko mlangoni. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Imetoka hivi: "Shemeji, nimekuharibia."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliuliza jambo moja tu: wagonjwa wameshaambiwa?

Wameshaambiwa. Muuguzi mkuu amewapanga watu kumi na mmoja kuanzia Jumatano. Sasa hivi wanagombea mashine moja, kila mtu amepunguziwa saa zake.

Akafunga zipu ya begi. "Naenda, shemeji. Nitakaa karibu. Ruhusa ikija naanza, isipokuja sigusi kitu."

Maneno hayo yalikuwa yangu kuyasema. Nikayasema, ndiyo—baada yake, kwa sauti ile ile ya ubaoni, na kidole juu. Akanitazama kidole.

Jumatatu, 11 Machi

Nimemwambia Mkurugenzi. Hakupiga kelele. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Akasema ipo fomu ya dharura. Kweli ipo, niliitaja mwenyewe kwenye somo langu: kitu kikiharibika ghafla, taarifa inapokelewa siku hiyo hiyo na kazi inaanza. "Jaza. Andika mashine ziliharibika Jumamosi."

Barua ya hospitali ya kuomba fundi ina muhuri wa tarehe 20 Februari. Nikamwambia hivyo. Akauliza nani atakagua. Akaniuliza pia kama nawaonea huruma wagonjwa au naionea huruma fomu.

Nikarudi kwenye fomu.

Nimejaza yote isipokuwa kisanduku kimoja: *Hitilafu ilijulikana lini?* Mchana kutwa. Nimefuta vumbi kwenye kibodi. Nimepanga klipu kwa ukubwa. Saa kumi na moja nikaenda nyumbani, kisanduku kitupu.

Jumanne, 12 Machi

Saa tatu asubuhi nimepiga simu idara ya kazi ya kule. Kapokea mama mmoja mpole, sauti ya mwalimu wa chekechea. Nikamweleza, nikaomba taarifa yetu ipokelewe kama dharura. Akasikiliza hadi mwisho. "Sawa, dada. Na hitilafu mliijua lini?"

Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni kwangu, kando ya kalenda yangu ya rangi.

Nikasema: tarehe 20 Februari. Nikasema taarifa niliisahau mimi, si fundi. Nikataja rasimu. Nikataja na keki—sijui kwa nini nilitaja keki!

Yule mama akasema: "Usikate, nimwone mkuu wangu."

Mkurugenzi ameondoka. Mlango kauacha wazi.

Naandika haya simu ikiwa begani, shingo imekufa ganzi. Dakika ya kumi na tisa. Muziki wa kinanda, ule ule, unaanza upya kila ukifika patamu.

Ujumbe wa shemeji umeingia. Yuko wodini, sanduku limefungwa. Ile mashine moja nzima imeanza kulia tangu alfajiri, na kuna mzee amelala kando yake anasubiri. Muuguzi mkuu anamwomba asiguse, aangalie tu. "Shemeji, kuangalia nako ni kazi?"

Nimeandika "Ndiyo". Nimefuta. Nimeandika "Hapana". Nimefuta. Nimeandika "Subiri kidogo", nikatuma. Safari hii nimehakikisha imekwenda.

Amejibu: muuguzi ameshampa glovu.

Muziki umekatika. "Haloo, dada? Bado upo?"