Mjomba, Nilimpiga Akiwa Ameninyooshea Mkono

Mjomba wangu wa Mwello,

Huku Busia bado wananiuliza nimejifunzia wapi kumwinua mtu mzito namna ile, nami huwajibu, "Kwenye shamba la viazi." Wanacheka wakidhani natania. Hawajui ulivyokuwa ukimngoja mkeo, Mama Athieno, avune viazi vyake vitamu ndipo utuite kwenye mieleka, kwa sababu udongo uliochimbuliwa ni laini na haumvunji mtu mgongo. Jioni akikuta matuta yamesambaratika, alitusema wote pamoja, na wewe na mvi zako ukiinamisha kichwa kama sisi.

Ulinifundisha kumshika mtu kiunoni, sikio langu kifuani pake, nisikilize pumzi. "Sikiza kwanza," ulikuwa ukisema. "Akitoa pumzi, beba." Sikuamini mpaka siku nilipokubeba wewe mwenyewe na kitambi chako, nikakubwaga chali. Ulicheka. Kisha ukaninyooshea mkono, ukabaki umelala ukinisubiri, maana mimi nilikuwa nimeshaanza kurukaruka kwa furaha.

"Mutu ameanguka, imeisha," ukaniambia. "Kuja unisimamishe. Panguza vumbi."

Nilikupangusa shati lote. Kwetu hakuna aliyeshinda akaondoka bila kufanya hivyo. Hata vijana wa Merikit, ambao ulipenda kuwateta kwamba wanashika shingo ya mtu kana kwamba wanakamua nguo, walifanya vivyo hivyo.

Nilipovuka mpaka kuja huku Busia kupakua saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nilikuta majirani zetu wana ukumbi wa mazoezi ya MMA, ule mchezo wa kizimbani unaochanganya ngumi, mateke na mieleka. Nikaingia kwa kiburi. Wiki za kwanza kila mtu niliyemshika alianguka, nami nikirudi nyuma na kumnyooshea mkono. Ukumbi mzima ukawa unacheka. Kocha wetu, bondia wa zamani, alinivuta kando.

"Manze, huku mtu akianguka ndio kazi inaanza. Mkalie, umpige mpaka refa akutoe."

Nilichukia. Halafu nikazoea, na hilo ndilo linaloniuma. Nilikuja nyumbani nikakuambia nimepata mieleka ya mjini, inachezwa ndani ya wavu. Ulifurahi mpaka ukawatangazia majirani. Ila uliniuliza, "Na mutu akianguka?" Nikakujibu kwamba refa ndiye anayeamua. Ukaridhika, na ukatutoka ukiwa umeridhika hivyo hivyo.

Sasa nikuambie cha Jumamosi iliyopita.

Walinipangia pambano Tororo na kijana wa Merikit anayeitwa Opolot. Lilikuwa pambano lake la kwanza la kizimbani. Tuliposhikana tu nikajua ametoka kwenye mashamba kama yetu, maana alinikamata shingo vile vile ulivyokuwa ukisema. Wallahi nilifurahi. Nilikuwa nimechoka kushindana na watu wanaorukaruka wakitupa ngumi hewani. Nikaweka sikio kifuani pake, nikasubiri, alipotoa pumzi nikambeba.

Alianguka chali, mgongo wote chini, mwanguko safi ambao kwetu ungewafanya kina mama wapige vigelegele. Akatabasamu. Akaninyooshea mkono.

Mjomba, nilielewa. Sitaki kujidanganya kwamba ilikuwa haraka sana au kelele zilikuwa nyingi. Niliuona ule mkono, nikajua anataka nini, na labda mimi peke yangu katika ukumbi ule ndiye niliyejua. Nikausukuma kando kwa mkono wa kushoto, nikampiga kwa wa kulia. Nikampiga tena. Refa aliponivuta, Opolot alikuwa bado ananiangalia kwa mshangao, kama mtu aliyefungiwa mlango na ndugu yake.

Watu walinibeba juu. Kocha alinikumbatia. Sikula siku ile, na tangu siku hiyo naona aibu hata kumsalimu mtu kwa mkono.

Jana nikapanda bodaboda kwenda Merikit. Nilimkuta nyumbani kwao akimenya muhogo, shavu limevimba, jicho moja halifunguki vizuri. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Kusema kweli nilitamani anitukane.

"Karibu," alisema, akanisogezea kigoda. "Wewe si ndio ule wa Mwello?"

"Ndiye mimi. Nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya nini? Wewe ulishinda." Akaendelea kumenya. "Ile kubeba yako ilikuwa ya kweli kabisa. Nani alikufundisha?"

"Mjomba wangu."

"Alifundisha muzuri. Na ile ngumi?"

"Kocha, kule Busia."

Nilidhani sasa ndipo hasira inapokuja. Akaweka kisu chini, akaniangalia kwa lile jicho zima.

"Basi nifundishe na mimi," alisema. "Sitaki nirudi mule ndani kama mujinga."

Nilitaka kumkatalia. Ningemwambia nini? Kwamba abaki vile alivyo, ili mwingine naye ampige? Nikamwambia aje.

Amekuja leo ukumbini, Mjomba. Nililala chali kwenye mkeka, nikamwambia anikalie kifuani anipige. Mara ya kwanza alishindwa. Alisimama akanipa mkono niinuke, nami nikamkemea mbele ya watu, kwa sauti ya kocha. Mara ya pili akanipiga vizuri.

Pumzika, Mjomba. Nimemharibu mtu ambaye ungempenda.

Mpwa wako