Maganda ya Danzi Ndani ya Asali

Kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Hujambo? Wifi hajambo? Na yule binti yenu mwenye pengo, jino limeota au bado akizungumza anapiga mluzi bila kukusudia? Sisi huku tu wazima, ila Baba ana kidole kimoja chenye bendeji, na kidole hicho ndicho kilichonishikisha kalamu. Usishtuke, si jambo la kukimbiza mtu hospitali. Ningekupigia simu, lakini unajua masikio ya Baba, na kuta za nyumba hii hazijui kutunza siri.

Nimefurahi kusikia kwamba ile chai imekufaa, kwamba sauti imekurudia na wenzako wa redio wanainyemelea chupa yako ukigeuka. Uliniuliza nilijifunzia wapi, nami nikakujibu kwa mkato. Leo nakueleza yote.

Bado nafua na kupiga pasi kwenye ile nyumba ya wageni. Mwaka jana alipanga pale mama mmoja Mjapani, fundi wa mashine za kushonea. Siku moja alinikuta nimeinama juu ya pasi nakohoa hadi machozi, akanivuta jikoni kama mtoto. Alinieleza kwamba kwao kuna tunda linaitwa yuzu, lenye ukali wa limau na harufu ya chenza, na maganda yake huwekwa kwenye asali. Huku halipatikani. Tukajaribu hiki na kile kutoka sokoni, tukaharibu asali ya watu, mpaka tukakubaliana: madanzi mawili kwa chenza moja.

Unayaosha kwa chumvi na maji ya moto, unayafuta yasibaki na tone. Unamenya ganda, unakwangua ule weupe wa ndani maana ndio wenye uchungu, kisha unalikata jembamba kama uzi. Unakamua maji ya tunda, unatoa mbegu, halafu unapanga kwenye chupa: maganda, asali, maganda, asali, na yale maji unayamimina juu. Siku tano, na kila asubuhi unaipindua chupa kichwa chini. Ukitaka kunywa, vijiko viwili kikombeni na maji ya moto yaliyokwisha kutulia. Maganda usiyatupe, yatafune mwishoni.

Sasa nije kwa Baba. Tangu siku ile ulipomwambia hukuzaliwa kufagia nywele za watu, naye akakujibu mdomo huo basi ukakulishe, jina lako halitajwi humu ndani. Huu ni mwaka wa sita. Nilikuambia akisikia sauti yako anazima redio. Ni kweli, aliizima, miezi miwili ya kwanza. Baadaye akawa ananituma kuiwasha, eti anataka kujua saa. Saa ya ukutani inatembea vizuri tu, Kaka.

Asubuhi ile ulipokwama katikati ya habari, ukakohoa, ukaomba radhi, Baba alikuwa na kipande cha mkate mkononi. Hakukitia mdomoni. Ulipomaliza kusoma akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya sabuni, iwapo ile dawa ya yule mgeni wangu ilikuwa ya kifua au ya koo. Nikamwambia ya koo. Akavaa viatu akaenda sokoni mwenyewe. Alirudi na madanzi kumi na wembe mpya, akaniambia huo ni wa jikoni, nisije nikauchanganya na wa kunyolea.

Kaka, nisamehe. Chupa zote nne nilizokutumia, ukanishukuru, ukawaambia watu mdogo wangu ana mkono wa baraka, hakuna hata moja niliyoitengeneza mimi. Ni za Baba. Alinikataza nisiseme, nami nikazipokea shukrani zisizo zangu kama mwizi aliyekaribishwa chai.

Kuna jingine ambalo hulijui. Baba, kinyozi yule ambaye wateja walikuwa wakisinzia chini ya wembe wake, amefunga duka tangu mwaka jana. Mikono inatetemeka. Danzi moja humchukua saa nzima. Anaegemeza kiwiko mezani, anaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, anavuta pumzi, anakata uzi mmoja, anapumzika. Nikitaka kumsaidia ananifukuza, ananiambia koo lako si la kujaribia.

Jumanne wiki iliyopita wembe uliteleza. Damu iliingia kwenye bakuli la asali, akaimwaga yote. Kisha akaniagiza nikuandikie kwamba asali imeadimika, kwa hiyo chupa hazitakuja tena. Niliitikia, lakini moyo ulikataa. Kesho yake alipokwenda zahanati kubadilisha bendeji, nilikaa mezani kwake, nikachukua wembe wake, nikaanza kukata.

Alinikuta katikati ya kazi. Nilidhani atanigombeza. Aliokota kipande changu kimoja, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama mbele na nyuma. Akasema, "Mwanangu, hizi ni kandambili." Halafu akacheka, Kaka. Alicheka mpaka akashika ubavu, nami nikacheka hadi nikalia. Akavuta kiti, akawa ananielekeza: laza wembe, usikandamize, liache ganda lije lenyewe. Kwa hiyo chupa iliyokuja na barua hii ni ya mikono yangu na macho yake. Ukikuta kandambili, tafuna kwa subira.

Tulipokuwa tunafunga kifuniko aliniuliza kama siku hizi unafuga ndevu. Nikamwambia kwenye redio hazionekani. Akafuta meza ambayo ilikuwa imeshakauka. Kisha akaniuliza ni nani anayekunyoa. Nikasema sijui. Akasema, "Muulize."

Hakusema nikuambie kwamba ndiye anayeuliza. Lakini pia hakusema nisikuambie, na wewe unamjua Baba: maneno anayotaka yafichwe husema wazi yafichwe.

Nifikishie salamu kwa wifi, na umbusu mwenye pengo kwa niaba ya shangazi yake. Hapa jirani zetu wote wanakusalimu, hata yule mama wa ghorofa ya juu anayedai unasoma habari kwa haraka mno. Nijibu mapema, na swali la Baba usilisahau. Ukiweza, lete jibu mwenyewe.

Ni mimi nikupendaye,
Kitinda mimba wenu