Pale Baba Aliponyamaza

Alhamisi. Joto la kukaba. Mawingu yamejaa upande wa mto Sabaki na mvua haishuki. Nimezima feni ya studio ili nisikie vizuri, jasho linanitiririka, na nina hofu.

Kazi yangu hapa Malindi ni kurekodi harusi na mahubiri. Jana baba mdogo Karisa aliniletea kazi ya familia: wasia wa Baba, aliyetutoka mwezi uliopita. Alimrekodi kwa simu, kitandani, wakiwa wawili tu. Jumamosi ukoo unakaa kikao kuusikiliza, na kwetu neno la marehemu halibishiwi.

Humo Baba anampa Karisa shamba la Jilore. Mama, aliyelilima tangu aolewe, hakutajwa hata jina.

Niliumia, lakini nikaendelea na kazi.

Baba mdogo alitaka niipunguze ukubwa faili ya sauti hiyo ili ipite kwenye kundi la ukoo la simu. Kuna njia mbili za kuibana. Ya wastani unaipangia ukubwa mapema, nayo inagawa nafasi kwa kubanabana hadi faili itoshee. Ya kubadilika inatoa nafasi kulingana na kilichomo: penye maneno mengi inatoa nyingi, penye kimya inatoa kidogo sana. Faili ya mwisho huwa kubwa. Lakini ni sauti ya babangu, bwana. Nikaanza na ya kubadilika.

Nikawa natazama namba za nafasi hiyo kwenye skrini. Baba akisema, zinapanda. Akipumzika, zinashuka. Mpaka alipofika kwenye Jilore.

Pale alinyamaza kitambo, na namba zikapanda.

Mashine haitoi nafasi kwa kitu ambacho hakipo. Nikavaa vipokea sauti, nikafungulia hadi mwisho. Chini kabisa, karibu na simu, mtu ananong'ona: "Sema, Jilore ni ya ndugu yangu."

Kisha Baba, kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Jilore ni ya ndugu yangu."

Mnong'ono ule ni sauti ya baba mdogo. Naijua tangu nikiwa mtoto wa kubebwa.

Nilirudia kwa njia ya wastani, faili ikatoka ndogo kama alivyotaka. Mnong'ono umekuwa mkwaruzo tu, kama mchanga ndani ya sufuria. Hakuna mzee atakayeusikia.

Mchana baba mdogo akapiga simu. Nikamwambia faili ndogo iko tayari. Akafurahi, akasema yeye ameshaifuta ya kwake, nami niifute ile kubwa isinijazie mashine. Kisha akauliza polepole:

"Umeisikiliza yote, mwanangu?"

Nikasema hapana.

Akanyamaza. Simu haikukatika. Nilimsikia akivuta pumzi, nami nikaizuia yangu, na nadhani hapo ndipo alipojua.

Sijafuta kitu. Ile kubwa nimeinakili mara mbili, kwenye kadi ndogo za kumbukumbu. Moja iko kwa jirani yangu fundi cherehani, nyingine nimeitia kwenye sidiria. Jumamosi nitakwenda na spika yangu ya harusi, wazee wasikie kimya cha Baba chote.

Ndivyo nilivyopanga. Kisha nikampigia Mama, nikamsihi aje alale kwangu hadi kikao kipite.

Amecheka. Amesema hawezi kuondoka Jilore leo, anachinja kuku. Baba mdogo amempigia sasa hivi, yuko njiani, ana neno la kuzungumza naye wakiwa wawili tu.

Nafunga studio. Siwezi kungoja Jumamosi.