Viza Yangu Inaisha na Binti Hajasema Nibaki

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla ya msaada naomba tusalimiane: kama umenizidi umri, shikamoo, na kama nimekuzidi basi pokea marahaba yako kabla hujaniamkia, maana kwa majibu yako ya gazetini nimeshindwa kukadiria miaka yako na mimi hupenda kujua naongea na nani.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na sita, mgane, mstaafu, na kwa miaka thelathini na moja nilikuwa karani wa masjala katika ofisi ya ardhi, kazi ya kutunza majalada, kuzipa karatasi zake namba, na kuhakikisha hakuna jalada linalopanda mezani kwa mkubwa likiwa na upungufu. Binti yangu anaishi nchi ya mbali, anatengeneza meno ya bandia, na miezi mitano na kitu iliyopita alinitumia tiketi nije kumtembelea, nikagongewa muhuri wa mgeni wa miezi sita, nami moyoni nikasema nitachoka baada ya wiki mbili.

Sikuchoka, mshauri. Kila siku kuna kitu sijakielewa na nataka kukielewa. Maktaba ya mtaani ina darasa la lugha kwa wazee kila Jumanne na Alhamisi, nimefika somo la kumi na moja, tunajifunza kulalamika kwa adabu. Jirani wa ghorofa ya chini, mama mmoja aliyekuwa fundi cherehani, hucheza nami drafti kwenye benchi la nje na bado sijagundua ananifungaje. Halafu mbele ya dirisha la chumba changu kuna mti ambao tangu nifike haujawa na jani hata moja, na huyo jirani anasema baridi ikiisha utachanua maua ya zambarau, mkwe wangu anayeendesha treni za mjini anasema ni meupe, na binti yangu anasema hajawahi kuuangalia, sasa watu watatu wanaopita hapo kila siku wananipa majibu matatu, mimi nitamwamini nani? Muhuri wangu unaisha baada ya siku kumi na tisa na mti bado umekauka vilevile.

Basi nikaanza kuulizia. Nimekwenda ofisi ya uhamiaji mara tatu, nikachukua namba, nikakaa kwenye viti vya plastiki nikinakili kila kilichobandikwa ukutani, na nimeona kuna njia nne. Ipo ya kuongeza muda wa mgeni kwa miezi mitatu, ambayo unaomba kabla muhuri haujaisha, ipo viza ya wastaafu ya mwaka mmoja mmoja, wanataka hati ya pensheni na bima ya afya na uahidi hutafanya kazi, lakini hiyo huombwa ukiwa kwenu, ipo ya mzazi anayemfuata mtoto wake, ambayo foleni yake ni ya miaka, na ipo ya mwanafunzi wa lugha, ambayo dada wa dirisha namba tano aliniambia haina kikomo cha umri, kisha akanitazama akacheka, na mimi nikacheka.

Nikachagua hiyo ya kwanza, nikafungua jalada, nikazipa karatasi namba kwa wino mwekundu. Folio ya kwanza hadi ya kumi na tatu zimekamilika, hata picha za pasipoti nimezigundisha sawasawa. Imebaki folio ya kumi na nne, tamko la mwenyeji, fomu ambayo binti yangu anatakiwa kuandika kwa mkono wake kwamba anataka nibaki na atanilaza kwake. Hapo ndipo nilipokwama.

Sikumwomba kwa mdomo. Nilifanya kama nilivyofanya maisha yangu yote: nilitia fomu kwenye bahasha ya plastiki, nikaambatisha pasipoti na tiketi ya kurudi ili asihangaike kutafuta namba, nikabana kikaratasi juu, "Kwa hatua yako tafadhali," nikaiacha kwenye meza ya jikoni asubuhi kabla hajaenda kazini. Jioni bahasha haikuwepo. Siku mbili baadaye nikaikuta kwenye mfuko wa mbele wa sanduku langu la safari, zipu imefungwa, na fomu ndani haina herufi hata moja. Mshauri, kule kwetu jalada likirudi bila neno la mkubwa maana yake ombi limekufa, na karani mwenye adabu haulizi. Nilikaa kitandani nikaumia, sikufichi.

Kinachonichanganya ni kwamba hanionyeshi kisirani. Jumamosi iliyofuata aliniletea koti zito la baridi, jipya, na baridi yenyewe ndiyo hii inakwisha. Nikamwambia, "Mwanangu, hili limechelewa." Akasema, "Liweke tu, baba," akaenda kuanika nguo. Nadhani ananiaga kwa heshima. Sasa nishauri: nijaribu hiyo ya mwanafunzi, ambayo haihitaji tamko lake, au nirudi kimyakimya nikaombe ya wastaafu nikiwa nyumbani, au niache kabisa?

Ni mimi, mwenye jalada lenye upungufu.

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, karani. Umenizidi, ingawa si kwa mingi, na udadisi wako kuhusu umri wangu naomba uishie hapo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimeshika kichwa. Hebu ufikirie upande wa pili wa hiyo meza ya jikoni. Binti anaamka, ana haraka ya kazini, anakuta bahasha yenye pasipoti ya baba yake na tiketi ya kurudi, fomu yenyewe imefunikwa nyuma yake, na kikaratasi kinachomwomba achukue hatua. Hatua gani? Mimi ningeitia kwenye sanduku lako usije ukaisahau siku ya safari, na zipu ningeifunga. Mwanao anashinda akichonga meno ya watu, hakupita masjala. Hakuliona ombi lolote pale. Aliona baba anahesabu siku za kuondoka na anataka asaidiwe kufunga mizigo. Inawezekana na yeye alikaa kitandani kwake akaumia, nanyi mnatenganishwa na ukuta mmoja tu.

Nakuonea huruma, lakini pia nakugombeza. Mtu mzima umekaa foleni mara tatu kuongea na dirisha namba tano, na mtoto uliyemlea mwenyewe unamwandikia kama mkuu wa idara.

Sasa tuje kwenye viza. Hiyo ya mwanafunzi iache, maana unaitaka kwa ajili ya kumkwepa binti yako, si kwa ajili ya sarufi. Ya mzazi ni ya kuzungumza naye baadaye, kwa utulivu. Hii uliyochagua ndiyo inayokufaa, ila ipeleke wiki hii, usingoje siku ya mwisho, na udai stakabadhi. Uliza kama unaruhusiwa kubaki wakati unasubiri jibu, kwa sababu kanuni hutofautiana na mimi gazetini siwezi kukuapia. Bima yako itazame kama inafika miezi hiyo mitatu ya ziada. Wakikukatalia, panda ndege kabla muhuri haujaisha, hata kama mti umeshatoa vichipukizi, kisha uombe ya wastaafu ukiwa kwenu. Usizidishe hata siku moja, maana ukiingia kwenye kumbukumbu zao vibaya kutoka ni kazi, na hilo karani wa masjala hahitaji kufundishwa. Kuhusu huyo mama wa drafti, sijauliza kitu.

Lakini kabla ya yote hayo, leo hii mkute binti yako jikoni. Usibebe karatasi. Mwambie, "Mwanangu, napenda kubaki. Wewe unapenda nibaki?" Ni maneno sita. Kisha nyamaza umsikilize, na mumewe naye aulizwe, maana nyumba ni yao wote wawili. Wakisema nafasi ni ndogo au wamechoka, utapokea na utarudi nyumbani na heshima yako.

Ila sidhani watasema hivyo. Umenakili kuta zote za uhamiaji, na kitu kimoja ulicholetewa mkononi hukukipa namba. Hakuna anayemnunulia koti la baridi ijayo mgeni anayeondoka mwezi huu. Alishakuandikia tamko lako, baba, Jumamosi ile, kabla hajaenda kuanika nguo. Livae hilo koti, hata kama jikoni kuna joto, uende ukamuulize.