Mpira wa Mkojo Wenye Dawa, na Mume Anayetaka Ninyamaze

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako haraka, kwa sababu jambo ninaloficha linaweza kumuua mtu asiye na kosa, na nikilisema ndoa yangu inavunjika.

Mimi ni mama wa nyumbani hapa Nkuhungu, Dodoma. Mume wangu, nimwite Ludovick, alikuwa karani serikalini, alipopunguzwa kazini akafungua duka la vifaa vya hospitali, maana siku hizi kila mtu ameruhusiwa kuagiza bidhaa, na mwaka huu akaleta kutoka nje mipira ya mkojo ambayo plastiki yake imechanganywa na dawa ya kuua vijidudu ili mgonjwa asipate maambukizi. Mipira ni halali na dawa imo kweli, sibishi, ila yeye akaanza kuwaambia wateja kwamba ukishawekewa huo hakuna haja ya kubadilisha wala kuhangaika na usafi, dawa inafanya kazi yenyewe. Baba yake, mzee Matonya, anaishi nasi na mkojo wake umezibwa na tezi dume, kwa hiyo akawekewa mpira huo, na wateja wakawa wanaletwa sebuleni kumwona. "Huyu ni baba yangu mzazi," Ludovick alikuwa akiwaambia. "Ningemwekea kitu kibaya?" Mzee anatabasamu, mimi napitisha chai.

Muda wa kubadilisha ukapita. Nikakumbusha, nikaambiwa niache ujuaji. Mkojo ukawa mzito na wenye harufu, mzee akawa anatetemeka juani amejifunika blanketi, mume wangu akaleta vidonge vya malaria, akasema tukimpeleka hospitali wateja watasemaje. Mzee mwenyewe akanishika mkono akaniambia, "Mama, vumilia. Usimwaibishe mwanangu." Siku aliponiita kwa jina la marehemu mkewe sikuvumilia tena, nikaomba pikapu ya jirani tukamkimbiza hospitali ya Mvumi. Muuguzi alipoutoa ule mpira ulikuwa umeshika ukoko mgumu kama wa birika.

"Nani aliwaambia unakaa hivi bila kubadilishwa?" akauliza.

Nilianza kukunja blanketi la mzee.

Mzee anaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Lakini Ludovick ameniamuru niseme ilikuwa malaria, la sivyo nirudi kwetu, na kinachoninyima raha ni kwamba kule Bahi kuna mama, nimwite Anyesi, alikuja sebuleni kwetu, akamwona mzee, akaridhika, akamnunulia mumewe mpira uleule, na muda wake nao umeshapita. Jina lake halisi na anapoishi nimekuandikia nyuma ya karatasi, tafadhali usiyachape. Nikisema naachika na watoto wangu, nikinyamaza sijui kitakachotokea huko. Nifanye nini?

Mkamwana, Nkuhungu

MSHAURI ANAJIBU

Mkamwana, pole sana, na kwa ile pikapu nakupongeza. Ila nitakusema. Siku uliyokwenda posta kutuma barua hii, ungeweza kupanda basi la Bahi.

Sikusubiri gazeti litoke. Nilimpigia daktari ninayemwamini, akanieleza hivi: dawa iliyo ndani ya plastiki inawachelewesha vijidudu, haiwazuii milele. Mpira unabadilishwa kwa muda uliopangwa na hospitali, anayeushika ananawa kwanza kwa sabuni, mfuko wa mkojo unakaa chini kuliko kiuno, na mwenye mpira akipata homa anapelekwa hospitali, hapewi vidonge vya dukani. Mumeo ana bidhaa nzuri, akaiongezea uongo.

Kisha nikamtuma mwandishi wetu wa Dodoma, Cornel, aende Bahi. Alimkuta mgonjwa anaungua kwa homa, na Anyesi yuko pembeni anamtuliza kwamba mpira una dawa, atapona tu. Wamemfikisha hospitali. Ninapoandika haya madaktari bado hawajatoa neno la uhakika.

Sasa wewe. Usibishane na mumeo chumbani, huko atakushinda. Mkalishe mbele ya baba yake, na mzee aseme kwa kinywa chake jinsi alivyoteseka. Alikuomba umfichie mwanawe. Mweleze kuwa kwa ajili ya siri hiyo kuna baba wa watu amelazwa. Ludovick anawafahamu aliowauzia, awafuate wote wiki hii awaambie wabadilishe. Baadaye auze mipira yake, lakini aseme inachoweza na isichoweza. Akikataa, nenda mwenyewe kwa mganga mkuu wa mkoa, usitume mtu. Akikufukuza, rudi kwa wazazi wako kichwa juu na uwaeleze sababu. Ndoa inayodumu kwa sharti kwamba watu wafe kimyakimya, mimi siwezi kukushauri uilinde.

Jambo la mwisho. Anyesi alipoambiwa yaliyompata mzee Matonya, alimuuliza Cornel swali moja: "Yule mama wa Nkuhungu, alikuwa anajua?"

Cornel hakumjibu, na mimi sitamjibu. Nenda ukamjibu wewe.